Punda wa Jibini

Halima alinipigia simu Jumanne kuniambia kwamba Ami Seif amefariki na ameshazikwa. Nilikuwa jikoni kwangu hapa Donholm, mwiko mkononi, na badala ya kumpa pole kama mtu aliyelelewa vizuri nikamuuliza kama mzee alikufa akijua kwamba nilikuwa bado nimemnunia. Akacheka huku akilia, kwa ile namna yake ya zamani ya kufanya mambo mawili kwa pamoja. "Alijua, Shiku. Kila ukitajwa alisema, yule mtoto wa Kikuyu ana kichwa kigumu, Mungu amhifadhi." Tuliongea mpaka simu yake ikazima. Ugali ukaungua, nikaula hivyo hivyo, na nilipomaliza nikajikuta bado nimekaa mezani nikiufikiria mwaka mmoja tu kati ya miaka yangu yote. Ni mwaka niliokaa na Halima katika chumba kimoja Kayole, tukijaribu kutengeneza jibini kwa kifaa ambacho wapangaji wote wa ploti walikiita punda.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa ujia, na ukifungua mlango wote uligonga kitanda. Tulikuwa na kitanda kimoja, stovu ya mafuta ya taa, meza iliyokuwa ikichechemea, na pazia la maua lililotenganisha kitanda na sehemu tuliyoiita jikoni kwa heshima tu. Kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba tulijua jirani wa upande huu anadaiwa nini na wa upande ule anapika nini. Mama Kevo, aliyekaa mlango wa kando, alikuwa akimgombeza mumewe kila asubuhi kwa sauti ya chini iliyosikika vizuri kuliko ya juu. Halima alikuwa akifukiza udi kila jioni ili kuua harufu ya maziwa, na matokeo yake ni kwamba chumba kilinuka maziwa na udi. Nguo zangu zilinuka hivyo hata kazini, ambako nilikuwa nikiosha vyombo katika hoteli moja ya hapa Donholm, na mpishi alikuwa akiniuliza kila mara kama nimeolewa na Mwarabu mfugaji. Sikumjibu. Siku hizi ningemjibu.

Tulikutana kwa sababu ya kodi, kila mmoja akitafuta wa kugawana naye, lakini kufikia mwezi wa pili hiyo haikuwa sababu tena. Nasema wazi kwamba nilimpenda Halima kuliko nilivyowahi kumpenda ndugu yangu yeyote. Alinifundisha kupika maharagwe ya nazi na kuacha kula nimesimama. Mimi nilimfundisha kujibizana na makanga wa matatu na kuvaa sweta mbili. Alikuwa amekuja kutoka Mombasa kuuza vitambaa katika duka la jamaa zao Eastleigh, na duka lilipokaribia kufungwa Ami yake, ndugu wa babake aliyemlea, alipiga simu pale pale dukani akampa masharti. Halima alinirudia nayo jioni ile akiwa bado amevaa buibui, ameketi ukingoni mwa kitanda. "Amenipa hadi Mfungo Mosi, Idi ikishapita tu. Yuwaja mwenyewe. Akinikuta na kazi ya kushikika, nikae. Akinikuta hivi hivi, narudi naye." Nikamwambia hatakukuta hivi hivi, na nikalisema kana kwamba nilikuwa na kazi mfukoni. Yeye alinitazama tu, akaanza kuvua viatu.

Kitu pekee nilichokuwa nacho ni kwamba kabla ya kuja Nairobi nilifanya kazi katika kiwanda kidogo cha maziwa kule Kinangop, hadi kilipofungwa. Nilijua maziwa yanavyogandishwa kwa dawa, yanavyokatwa, yanavyochujwa na kutiwa chumvi, kisha yanavyokamuliwa mpaka yawe jibini. Na mwenye hoteli niliyokuwa nikiosha vyombo alikuwa ameanza kupika piza, akilalamika kutwa juu ya jibini alilokuwa akiletewa. Nikajipa moyo, nikamwendea. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Niletee duara moja zima," akasema. "Nalikuna hapa mbele yako. Likisambaratika, tusisumbuane. Likikunika vizuri, utakuwa unaniletea kila wiki." Nilirudi Kayole nikimwambia Halima kazi imepatikana, bado jibini tu. Yeye akauliza swali ambalo lilinishangaza. "Hilo jibini lastahimili joto?" Tulikuwa mwezi wa saba, pua zetu zikichuruzika kwa baridi. Nikamwambia joto lipi, wewe, lete chai.

Kugandisha maziwa hakukuwa na shida. Maziwa tuliyapata kwa mama mmoja wa Njiru aliyekuwa na ng'ombe wake. Shida ilikuwa kukamua. Bila uzito wa kutosha jibini hubaki na maji ndani, likachacha na kumeguka, na kifaa cha kiwandani hatukuweza hata kukiota. Nikachora kwenye karatasi ya mkate kile nilichokumbuka, tukampelekea fundi mmoja kijana karibu na Spine Road aliyekuwa akiunda vitanda na milango. Akaigeuza ile karatasi juu chini.

"Sasa masistee, hapa mnataka kunyonga nani?"

"Hatunyongi mtu," nikamwambia. "Ni ya kukamua chizi."

"Chizi si huuzwa supa? Haya, nitawatengenezea. Lakini isianguke iue msee halafu mseme ni mimi."

Alitutengenezea kitu cha maana, lazima nikiri. Kilikuwa na kitako cha mbao nzito na nguzo mbili, na kati ya nguzo hizo mkono mrefu wa mbao uliofungwa kwa nati upande mmoja ili uweze kupanda na kushuka. Chini ya mkono, karibu na nguzo, tulisimamisha kipande cha paipu nene ya plastiki tulichokitoboa matundu kwa msumari wa moto, na ndani yake tukatia maziwa yaliyoganda. Juu yake kikakaa kisahani cha mbao. Ukiweka uzito kwenye ncha ya mkono, kisahani kinasukumwa chini na maji yanatoka kwa matundu hadi kwenye karai. Ni hivyo tu. Mtoto angeelewa, na bado ilituchukua miezi.

Jibini la kwanza tulilifunga kwa leso kuukuu ya Halima, kwa sababu tulihitaji kitambaa chepesi na hatukufikiria zaidi ya hapo. Tulipolitoa lilikuwa na michoro ya korosho nyekundu ya leso ile pande zote, maridadi kabisa, na rangi imeingia ndani kabisa. Halima alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilikasirika siku mbili. Tukanunua kitambaa cheupe cha melikani Eastleigh. Jibini la pili tulilikamulia kwa mawe tuliyoyaokota palipokuwa pakijengwa nyumba, yakateleza yote kwa pamoja yakaangukia sakafu, na mtu wa chini yetu akapanda ngazi akiwa na kisu cha kukatia sukuma wiki, akidhani nyumba inaporomoka. La tatu na la nne tuliyala. Tulikula jibini lililomeguka kwenye githeri, kwenye chapati, kwenye ndengu, na uji tuliupika kwa yale maji yaliyotoka kwenye karai, hadi leo sipendi uji wenye uchachu.

Ni Halima aliyefikiria maji. Alikuwa ameketi akitazama mtungi wa plastiki, ule wa manjano uliokuwa wa mafuta ya kupikia kabla haujawa wa maji kama mitungi yote ya Eastlands, akasema, "Jiwe huwezi kulipunguza. Maji waweza." Na ilikuwa kweli. Jibini halitaki kukandamizwa kwa nguvu tangu mwanzo, litajifunga nje na kubaki bichi ndani. Unaanza na uzito mdogo, unaongeza kidogo kidogo. Tukatundika mtungi kwenye ncha ya mkono kwa kamba, Halima akawa anaumiminia maji kwa kikombe, na mkono ukashuka taratibu bila kishindo. Jibini lile lilitoka gumu, uso wake laini, ikabaki kuipatia chumvi tu. Mtoto mmoja wa ujiani alichungulia mlangoni akaona mtungi ukining'inia, akatangaza kwamba tumefuga punda, kwa vile punda ndio waliokuwa wakibeba mitungi ya maji mtaani. Jina likakaa.

Sasa mtu asiyejua Kayole ya wakati ule hawezi kuona kosa letu. Mvua zilikuwa zimekatika, na mfereji wa ploti ulikuwa ukitoa maji siku ulipopenda wenyewe. Watu walipanga mitungi chini tangu alfajiri. Kila tone lilikuwa na mpango wake, la kuoshea vyombo likaoshea sakafu, la sakafu likaenda chooni. Na katikati ya hayo, wasichana wawili wa ghorofa ya tatu walikuwa wametundika mtungi mzima wa maji safi, hawayanywi, hawayafulii. Niliwasikia majirani wakisema kwenye ngazi. Mama Kevo hakusema kwenye ngazi, alikuja mlangoni.

"Nyinyi maji mnayaanika kama nguo?"

"Yanafanya kazi, Mama Kevo," nikasema.

"Yanafanya kazi. Mtoto wangu amelala bila kuoga, na yenu yanafanya kazi."

Halima angemgawia, nilimwona akigeuka kuchukua kikombe. Mimi nikasema hapana, jibini liko katikati, tukipunguza sasa limeharibika. Mama Kevo akaenda zake, na tangu siku hiyo akawa anapita mlangoni petu akitazama mbele. Nilijua nimekosana na mtu ambaye kesho ningemhitaji. Lakini Ramadhani ilikuwa imeingia, siku zilikuwa zikitukimbia, na nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Halima alikuwa amefunga na hakutaka hata kulamba jibini mchana, kwa hiyo ulimi nilikuwa mimi. Nilionja, nikamwambia chumvi imezidi au imepungua, naye akaniamini. Niliona amekonda. Nilidhani ni saumu na hofu ya Ami.

Idi ikapita. Ami alikuwa aje Jumapili. Tukapanga kukamua lile jibini la kupelekwa hotelini siku ya Ijumaa, likae chini ya punda hadi Jumamosi asubuhi, nilipeleke Donholm, na mzee akifika Jumapili akute mambo yameshaiva. Ijumaa ile mfereji ulikuwa mkavu. Mtungi wetu wa kunywa uliisha mchana, tukaona si kitu, tutavumilia. Jibini lilikuwa limeshakaa vizuri, mtungi wa punda umejaa mpaka shingoni, maji yakidondoka kwenye karai tone moja moja, wakati mlango ulipobishwa hodi. Alikuwa mwanamume mfupi mnene mwenye kanzu na koti juu yake, na mkoba mkubwa uliomvuta bega upande mmoja. Halima akambusu mkono palepale kumwamkia. "Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Nimeswali Ijumaa Eastleigh, nikaona nisingoje Jumapili." Akaniamkua na mimi kwa upole, akauliza hali yangu na ya wazazi wangu, akatazama chumba bila kuonyesha kama kimemkera. Kisha akatazama saa yake. "Alasiri imeingia. Niletee maji nitawadhe."

Halima akanitazama, mimi nikatazama ukuta wa upande wa Mama Kevo kana kwamba ningeuona mlango wake, nikajua siwezi kwenda kubisha pale. Nikamvuta Halima nyuma ya pazia. Nilikuwa nimekaa naye kiasi cha kujua mambo yao. "Mwambie atayamamu kwa vumbi," nikamnong'oneza. "Si inaruhusiwa maji yasipokuwepo?"

"Maji yako mbele ya macho yake, Shiku. Atatayamamu vipi?"

"Mwambie ya kazi."

"Nimwambie Ami kwamba maji ni ya mbao?" Macho yake yalikuwa yamejaa. "Ametoka Mombasa. Hajanywa hata tama."

Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani. Halima alitoka, akachukua birika, akalegeza kamba, akaanza kumimina kutoka kwenye mtungi wa punda. Mkono wa mbao ukainuka. Sikufikiri. Nikaudaka kwa mikono miwili, nikaning'inia juu yake kwa uzito wangu wote, magoti yamekunjwa, uso umegeukia ukuta ili mzee asinione nikilia. Nilisikia maji yakimwagika kwenye beseni, mkono, mdomo, uso, taratibu, kwa utulivu wa mtu asiye na haraka, kisha akaomba ya kunywa, akanywa, akaomba tena. Nikasikia mkeka ukitandikwa. Mikono yangu ilianza kuwaka moto. Alipomaliza kuswali ndipo aliponiona.

"Na huyu mwenzako ana nini?"

Halima akamweleza yote, haraka haraka, mwenye hoteli, duara, uzito, maji. Mzee alisikiliza akiwa amekaa bado kwenye mkeka. Kisha akainuka, akaubeba ule mkoba wake, akaja pale nilipokuwa. "Shika hapo hapo, mwanangu, usiachie," akaniambia, akaupitisha mkanda wa mkoba kwenye ncha ya mkono. Ulikuwa umejaa nazi. Akachungulia paipu, akauliza kama inatosha, nikasema ongeza kidogo, akaenda akarudi na halua aliyokuwa ametuletea, akaitia mkobani na kopo lake. Nikaachia. Mkono haukuinuka. Tukasimama watatu tukisikiliza, na baada ya kitambo tone likadondoka kwenye karai. "Basi tumwache punda afanye kazi yake," akasema Ami, akaenda kulala Eastleigh bila mkoba wake.

Jumamosi asubuhi jibini lilitoka gumu, jeupe, limeinama kidogo upande mmoja. Nililifunga kwa melikani nikalipeleka Donholm kwa miguu, kwa kuwa sikutaka mtu yeyote alibane kwenye matatu. Mwenye hoteli alilikuna mbele yangu kama alivyoahidi. Likatoka vizuri, nyuzi nyuzi, halikumeguka. Akaonja, akatafuna kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Lingine Jumamosi ijayo," akasema, akarudi jikoni. Nilirudi Kayole nikikimbia, mtu mzima, melikani tupu mkononi. Nikapanda ngazi, nikampita Mama Kevo nikamsalimia kwa sauti kubwa, akasahau akaitikia. Mlango wetu ulikuwa wazi kidogo na pazia limeshushwa. Nikasikia sauti ya Ami nikasimama nipumue kwanza, ili nisiingie nikihema mbele ya mzee.

"Nimeona kwa macho yangu," alikuwa akisema. "Hiyo ni kazi. Wataka kukaa, kaa. Sikulazimishi."

"Ami, mimi sitaki kukaa."

Kijiko kiligonga kikombe.

"Nimechoka na baridi. Nimechoka kunusa maziwa. Kila siku naota niko nyumbani. Lakini ningerudi vipi mikono mitupu, waseme Nairobi imenitema? Ndio nikajifunga kibwebwe. Hii kazi naweza kuifanya kwetu. Mahoteli yako, maziwa yako."

"Na mwenye hoteli akilikataa?"

"Akilikataa utaniwia radhi, nitabaki hapa mpaka nilipatie. Hata mwaka mwingine. Sirudi kuwa mzigo. Akilikubali, twende leo leo."

"Mwenzako ajua?"

"Hajui." Sauti yake ilishuka. "Ningemwambia vipi? Shiku ajua kunipigania tu, hajui lingine."

Nimekuwa na miaka mingi ya kuifikiria dakika ile ya ujiani, na bado haijanipoa. Ningependa kuandika kwamba nilimfurahia. Sikumfurahia. Nilimkasirikia mpaka masikio yakavuma, nikakumbuka kila kikombe cha maji nilichomnyima Mama Kevo kwa ajili yake. Halafu nikaelewa kwamba jambo lote lilikuwa mdomoni mwangu. Hakuna mwingine aliyekuwa Donholm. Neno moja, limekataliwa, na angekaa, kwa hiari yake, kwa kiapo chake mwenyewe, na angenilalia begani alie nami ningembembeleza. Tungeendelea kula maharagwe ya nazi. Nililizungusha neno lile kinywani, lilikuwa tayari kabisa. Ndani nilisikia Halima akipenga kamasi.

Nikasukuma mlango, nikafunua pazia. Waligeuka wote wawili, na uso wa Halima ulikuwa umekauka kwa hofu.

"Amelikubali," nikasema. "Anataka lingine Jumamosi."

Aliweka mikono usoni. Ami akasema alhamdulillahi, akaniomba nikae ninywe chai, nikasema sina kiu. Kumnunia mzee kulikuwa rahisi kuliko kumnunia Halima, na ndivyo nilivyofanya tangu saa ile, hadi Jumanne iliyopita. Halima akaanza kunieleza, akakwama, akaanza tena. Nikamwambia asiongee sana, basi la Mombasa linajaa mapema. Kisha nikavuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda nikamsaidia kukunja nguo. Nilizikunja vibaya, makusudi, moja baada ya nyingine, na yeye aliyekuwa akigombana nami kwa mkunjo mmoja wa shuka alizipokea zote hivyo hivyo akazipanga.